Shanga Pacha za Isiolo na Merti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba chembe mbili za nuru zinaweza kubeba habari. Nilikuwa kijana aliyeachia shule njiani, nikitengeneza redio kwenye baraza la fundi cherehani hapa Isiolo, na niliamini kwa moyo wote kwamba siku moja mama yangu angeketi nyumbani Kiwanjani na baba yangu angekuwa malishoni huko Merti, kila mmoja na chembe yake. Mama angeigeuza yake, ya baba ingegeuka papo hapo, na katikati pasingekuwa na mtu wa kusikia. Niliwaambia watu. Wengine walinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sasa linaniumiza kuliko wale walioondoka.

Habari za chembe hizo nilizipata kwenye karatasi ya kufungia sukari. Mwenye duka jirani alikuwa akinunua magazeti ya zamani kwa uzito, na siku hiyo alinifungia kwa ukurasa wa jarida la sayansi la ng'ambo. Nilimwaga sukari kwenye bakuli nikasoma nimesimama. Kisha nikarudi dukani kuomba kurasa nyingine. Alinicheka, akanipa zile zilizobaki. Ukurasa mmoja wa katikati sikuupata kamwe. Huenda uliishia kijiji cha Kipsing umefunga tumbaku ya mtu. Mpaka leo bado naufikiria.

Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kamusi iliyong'oka jalada na tabia ya kusoma sentensi moja mpaka niichukie. Polepole nikaelewa. Chembe mbili za nuru zikizaliwa pamoja hubaki na mapatano. Ukiipima yako inatoa jibu, tuseme nyeupe au nyeusi, na mwenzako akiipima yake kwa namna ileile anapata jibu linalolingana, hata awe mbali vipi. Lakini huwezi kuiamuru chembe itoe nyeupe. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu neno lolote kwa njia hiyo. Mnachopata nyinyi wawili ni mfuatano mmoja wa nyeupe na nyeusi ambao hakuna aliyeuchagua, na ambao mtu wa tatu hana. Neno lenyewe bado lazima lipite hewani mbele ya kila mtu. Mfuatano ule ni kufuli lake tu. Tena kufuli hilo lina sifa iliyonifanya niweke kamusi chini: mtu akizichungulia chembe njiani anayavuruga mapatano yake, na nyinyi mkilinganisha baadhi ya majibu mnajua kwamba palikuwa na jicho.

Hilo la jicho lilinishika kwa sababu ya benchi.

Wakati huo mtu wa Isiolo aliyetaka kuongea na mtu wa Merti alikwenda kwa mwenye malori. Malori yake yalikuwa yakipeleka unga na sukari Merti na kurudi na mbuzi, na alikuwa na simu ya upepo, yaani redio ya kuongelea, huku na nyingine kule. Chumba cha simu kilifunguka barazani, bila mlango. Nje palikuwa na benchi, na kwenye benchi waliketi wanaume waliotafuna miraa tangu alasiri wakingoja habari za watu wengine. Madalali wa ng'ombe walikuwa miongoni mwao. Ukisema hewani kwamba unauza dume kwa sababu mtoto anaumwa, dalali alijua shida yako kabla hujafika sokoni, na bei ilishuka huku ukiangalia. Wafanyabiashara walijaribu mafumbo. Mmoja aliita madume yake "magunia". Mara ya kwanza benchi halikuelewa. Mara ya pili lilielewa, na mara ya tatu mtu wa benchi alimwuliza hali ya magunia yake, kama yanakula vizuri.

Mimi nilikuwa naingia humo kurekebisha nyaya, na nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua: redio nyingi za mawimbi mafupi nilizozitengeneza, ukizungusha kitufe taratibu, ziliwanasa wale waliokuwa wakiongea. Benchi halisi lilikuwa refu kuliko lile la mbao.

Kisha mama akaanza kuumwa. Alikuwa akivuja damu, akisimama anashika ukuta. Baba alikuwa fora, yaani kambi ya mbali ambako ng'ombe wasiokamuliwa hupelekwa kutafuta majani, na alikuja Merti mara moja kwa juma kuzungumza na nyumbani. Mama alitaka kumwambia. Nilimpeleka mwenyewe.

"Salaam aleikum," mama alisema kwenye kile chombo, kwa sauti ya kumwambia mtu aliyelala kando yake.

"Mama, Merti haisikii hiyo," mwendesha simu akamwambia. "Ongea kama mtu amekula. Na useme ova ukimaliza."

"Mwambie sijisikii vizuri."

"Merti, Merti, hapa Isiolo. Mama anasema iko mgonjwa. Ova."

Sauti ya mwenzake wa Merti ikarudi ikikwaruza. "Mzee anauliza ugonjwa gani. Ova."

Mama akatazama benchi. Mwendesha simu akamtazama, akatazama saa yake. "Ugonjwa gani, mama? Watu wanangoja laini."

Alimwambia kwa kunong'ona. Yule bwana, ambaye sidhani alikuwa mtu mbaya, alikigeukia chombo chake na kupaza sauti ile aliyoitumia kwa unga na mbuzi. "Ni kizazi. Narudia, kizazi. Inatoa damu. Umepata? Ova."

Kwenye benchi waliacha kutafuna. Halafu mtu mmoja akasema, "Basi mzee atafute msichana ya kumzalia," na mwingine, "Aende pole pole, mvua kwanza, ng'ombe wa mahari wanenepe," wakacheka bila kelele, kicheko cha watu waliozoea. Mama alipita mbele yao akiwa amevuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Siku zilizofuata wanawake kisimani walimpa pole wakitaja kiungo chenyewe.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, na sijui hata sasa. Mwenye pesa akiugua anampelekea daktari gari, anafunga mlango. Sisi tulitakiwa kulipa ili ugonjwa wetu utangazwe. Na kila niliyemlalamikia alinijibu kwamba mtu asiye na jambo baya haogopi kusikiwa. Mama yangu hakuwa na jambo baya. Alikuwa na mwili.

"Mimi sirudi hapo," aliniambia. "Baba yako akitaka kujua aje."

Ndipo nikaamua kutengeneza chembe zangu kwa shanga.

Nilichanganya shanga nyeupe na nyeusi ndani ya kibuyu, nikafumba macho, nikachukua mmoja mmoja. Ukitoka mweupe, niliweka mweupe kwenye nyuzi mbili. Ukitoka mweusi, mweusi kwenye zote mbili. Niliufungua na kuutunga upya kila uzi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikiogopa kwamba mkono wangu ulikuwa unachagua bila kujua. Mwishowe nilikuwa na nyuzi mbili zinazofanana, na hakuna aliyechagua mpangilio wake, hata mimi. Mama alijua swali letu lingekuwa la namna moja tu, ndiyo au hapana. Kwa hiyo jibu lingefichwa ndani ya habari ya kawaida kabisa ambayo hakuna mtu angeishangaa. Nilichagua mvua.

Kanuni ilikuwa hivi. Kama ushanga wa kwanza kutoka kwenye fundo la uzi ni mweupe, "mvua imenyesha" maana yake ndiyo, na "haijanyesha" maana yake hapana. Kama ni mweusi, yanageuka. Baada ya simu kila mmoja anautoa ushanga huo na kuutupa, kwa hiyo benchi haliwezi kujifunza kitu. Lingesikia "imenyesha" mara mia na lisijue.

Niliupeleka uzi wa baba mimi mwenyewe, juu ya lori la unga. Nilimfundisha tumeketi kwenye kivuli cha gurudumu, na akashika haraka kuliko nilivyotarajia. Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Ushanga mzima unatupwa?"

"Ndiyo, baba. Ukitumika mara mbili watajua."

"Na mvua ndiyo umechagua."

"Kila mtu anaulizia mvua. Hakuna atakayeshtuka."

Aliuangalia uzi, akauvaa shingoni ndani ya shati. "Nagaa," akasema, yaani amani, kwa namna wazee wetu wanavyolitumia neno hilo wakati wa kumaliza maneno wasiyoyamaliza. Nilidhani amekubali. Ningeuliza swali moja zaidi wakati ule, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Tulifanya jaribio. Nilimwambia hewani kwamba mgeni anamsalimu, na baina yetu hilo lilikuwa swali: nimpelekee taa mpya? Ushanga ulikuwa mweusi. Akajibu, "Imenyesha." Yaani hapana, hataki taa. Lori liliporudi dereva akanithibitishia: mzee hataki taa, ya zamani inatosha. Niliruka kwa furaha kama mtoto. Nilijaribu mara moja, ikalingana, nikasema kazi ni kamili. Mimi, niliyefungua na kutunga shanga mpaka vidole vikauma. Sikujiuliza kama juma lile mvua ilikuwa imenyesha kweli huko Merti. Ilikuwa imenyesha.

Wasiwasi wangu wote niliuelekeza kwa mwizi. Shanga zangu zilikuwa na upungufu ambao chembe za nuru hazina: mtu angeweza kuutazama uzi wa mama, akautengeneza wake, na uzi wa mama usingebadilika rangi kumtuhumu. Nilimsihi mama aufiche. Nilimwuliza asubuhi nani aliingia nyumbani. Nilipomwuliza tena jioni, aliniambia, "Wewe umekuwa benchi sasa."

Ukame ulifika, na damu ya mama ikazidi. Nilimpeleka hospitali moja ya huko juu, upande wa mlimani. Daktari alisema kizazi lazima kitolewe na haifai kungoja. Mama alikubali. Nilifikiri mambo yamekwisha, lakini karani wa wodi alikuwa hajamaliza.

"Mume amekubali?"

"Mgonjwa amekubali," nikasema.

"Nimesikia. Naulizia mume."

"Yuko malishoni mbali."

"Basi wewe kijana wake utaweka sahihi, lakini baada ya baba kusema ndiyo. Sisi hatutaki mzee aje hapa na fimbo."

Ningeweza kudanganya. Watu wengi wameniambia hivyo tangu siku ile, kwa wepesi. Lakini mama mwenyewe alikataa. Alisema hataki kurudi kwa mumewe akiwa amefanyiwa jambo ambalo mume halijui. Alitaka neno lake. Hilo lilikuwa lake kulitaka, na sikuona kwa nini karani alitake pia.

Tukarudi Isiolo kungoja siku ya baba ya simu. Mama hakuja. Alibaki kitandani na uzi wake, na mimi nikaenda kusimama mbele ya benchi nikijiona mwerevu kuliko wote. Ushanga wa zamu ulikuwa mweupe. Kwa hiyo baba akikubali angesema imenyesha.

"Mwambie mgeni anamwuliza hali, na anangoja jibu leo," nikamwambia mwendesha simu. Neno la kungoja lilikuwa nyongeza niliyopatana na baba siku ile kwenye kivuli cha gurudumu, endapo mambo yangefika huko: maana yake ni kisu cha daktari.

"Merti, mgeni anauliza mzee hali. Anataka jibu leo. Ova."

Simu ikakwaruza, ikanyamaza. Mwendesha simu akaita tena. Yule wa Merti akasema mzee amesimama tu.

"Mwambie ajibu, betri si ya babake," mtu wa benchi akasema.

Kisha sauti ya baba mwenyewe, mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Haijanyesha." Kisha akakaza sauti. "Nisikilize. Haijanyesha. Nakuja." Na simu ikakatika.

Nilitembea nyumbani. Mama aliniona mlangoni akajua. Nilimwambia neno kama lilivyokuja. Aliutazama ushanga mweupe, akautoa kwenye uzi kama tulivyopatana, akauweka juu ya meza. Halafu akageukia ukuta.

Baba alichelewa. Malori yalikuwa machache wakati wa ukame, na lile alilolipata liliharibika njiani. Siku zote hizo mama alilala akiamini kwamba mume wake alichagua kizazi kuliko yeye. Hakulia, hakulalamika. Alikunywa maji nilipompa. Mimi nilimlaani baba yangu kwa maneno ambayo sitayaandika. Niliwalaani karani, benchi, mwenye malori, na wataalamu wa ng'ambo wenye chembe zao safi. Kila mtu alikuwa na hatia isipokuwa kanuni yangu. Nilikuwa nimeikagua sana.

Aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameshika kitu ngumini. Alikifungua mbele ya mama, na kilikuwa ushanga mweupe.

"Nimekubali," akamwambia. "Nilikubali siku ileile. Twende."

Mama alijigeuza polepole. "Ulisema haijanyesha."

"Haikuwa imenyesha."

"Baba," nikasema, "ilikuwa ni shanga tu. Ulipaswa kusema imenyesha. Tulielewana."

"Chumba kilikuwa kimejaa watu. Pale mlangoni palikuwa na mtu ameshika fimbo, ng'ombe wake wamesimama jua kali, anangoja nimalize aulizie mvua iko wapi. Na nyinyi huku mna redio zenu. Kila fora inasikiliza. Nikisema imenyesha Merti, watu wanahama usiku huo. Wanakuja na ndama. Wanakuta vumbi. Nani anawazika hao?"

"Ungemwambia yule mmoja pembeni."

"Na wale walio hewani niwaambie pembeni gani?"

Hapa kwetu mtu anaweza kudanganya bei, umri, hata idadi ya mifugo yake, na ni adabu kuificha. Kuhusu mvua hadanganyi. Habari ya mvua si yake. Ni ya kila mwenye ng'ombe aliye na masikio. Nililijua hilo tangu nikiwa nachunga mbuzi. Nililichagua neno hilo kwa sababu kila mtu analisikiliza, na sikuona kwamba ndiyo sababu hasa lisingeweza kuwa letu. Nilijenga kila kitu kwa kumwogopa mwongo anayesikiliza. Sikumfikiria mkweli anayesema.

Mama alikuwa ameketi sasa. Alituangalia wote wawili kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Ungesema tu ndiyo," akamwambia baba. "Kwa mdomo."

"Ulisema hutaki watu wasikie."

"Nilikuwa na aibu. Sikuwa na wazimu. Nimelala hapa nikihesabu makosa yangu kwako, kwa sababu ya shanga." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwenye akili nyingi. Nilizaa wewe kwa hicho kizazi. Kilikuwa kinasumbua watu kiasi hicho?"

Tulikwenda hospitali wote watatu. Karani alimwona baba, akatabasamu, akampa karatasi. Baba aliweka dole gumba, na jambo ambalo mama alishindwa kuliruhusu kwa mdomo wake mzima likaruhusiwa kwa wino kidogo wa mtu mwingine. Daktari alisema tumechelewa, na kwamba mama ana bahati. Alikaa wodini muda mrefu kuliko ilivyopaswa kwa sababu alikuwa amepoteza damu nyingi. Siku hizo za ziada ni zangu.

Alipopata nguvu, na baba amerudi fora, mama aliniambia nimpeleke kwenye simu. Benchi lilikuwa pale pale. Safari hii hakumpa mwendesha simu neno la kupeleka. Alichukua chombo mwenyewe.

"Nagaa. Ni mimi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekula. "Kizazi kimetolewa. Kidonda kimefunga. Natembea mpaka sokoni. Hapa Isiolo haijanyesha. Ova."

Wale wanaume walitazama viatu vyao. Mmoja akampisha njia. Watu hunisimulia kisa hiki kama ushindi, na mimi hukasirika kila mara. Mama yangu alikuwa jasiri, ndiyo. Lakini kwa nini alazimike kuwa jasiri ili kumwambia mumewe kwamba amepona? Ujasiri wake haukuwapa watu wa benchi haki ya kusikia, kwa sababu hawakuwahi kuwa nayo.

Bado nasoma kuhusu chembe zile. Nikipata ukurasa, nanunua. Naamini siku moja wataalamu watafanya kwa nuru kile nilichoshindwa kwa shanga, na atakayechungulia ataacha alama. Sitaki tena kuwatangazia watu. Nitakapotengeneza kitu cha kuficha maneno ya mtu, nitamwuliza kwanza ni maneno gani hawezi kuyasema uongo.

Nilimsumbua mwenye malori mpaka akachoka nami. Tangu mwaka jana chumba cha simu ya upepo kina mlango, na mwendesha simu huvaa visikilizio masikioni. Mlango niliupachika mimi. Unakwaruza sakafu kidogo upande wa chini, lakini unafungika.